Mtoto anayelia asubuhi ya shule ana jambo la kutuambia

Kila Jumatatu ya kwanza ya Septemba, barabara za Kisangani hujaa rangi mbili, bluu na nyeupe. Kutoka Mangobo, Kabondo, Tshopo, Makiso na komine ya Kisangani, na ng'ambo ya mto kule Lubunga, watoto huenda shuleni kwa miguu, kwa toleka au kwa pikipiki. Viongozi hutembelea shule mbili tatu, kengele hupigwa mbele ya kamera, na jioni tunasikia kwamba masomo yameanza. Tunasikia pia habari za mishahara ya walimu, za madarasa yanayovuja, za watoto wanaokaa chini kwa kukosa madawati. Hayo yote yanastahili kusemwa. Lakini kuna kundi la watoto ambalo haliingii katika taarifa yoyote. Ni wale wa miaka mitano na sita ambao asubuhi ile walilia, walijificha nyuma ya mlango, walishika kitenge cha mama kwa mikono miwili, na wiki mbili baadaye bado wanafanya hivyo.

Kwetu jambo hilo lina jina moja: ukaidi. Na lina dawa moja: fimbo. Mtoto anavutwa mkono hadi barabarani, jirani anacheka, dada mkubwa anaambiwa amburute, na akifika darasani kabla machozi hayajakauka anaambiwa anyamaze. Mimi jina hilo silikubali, na dawa hiyo naikataa zaidi. Mtoto mdogo anayeogopa shule mara nyingi ameona au amesikia kitu kinachoogopesha kweli. Ukikitafuta kitu hicho, mara nyingi utakuta ni sisi wakubwa tuliokiweka, na tunaweza kukiondoa bila kungoja bajeti ya Kinshasa.

Tuanze na tumbo, kwa sababu hofu ya watoto huanzia hapo. Mtoto wa miaka sita hasemi "nina wasiwasi". Anasema tumbo linauma, kichwa kinauma, anataka kutapika. Katika mji kama wetu, ulio karibu kabisa na ikweta, ambako mvua hainyimi mwezi wowote na mbu wapo mwaka mzima, mzazi hana haki ya kulichukulia hilo kama mchezo. Malaria kwanza. Mguse mwili, mpeleke kituo cha afya akiwa na homa, apimwe. Lakini kama hana homa, kama kipimo kimeonyesha hana kitu, na kama tumbo hilo linauma Jumatatu hadi Ijumaa na kupona lenyewe Jumamosi, basi tumbo linasema kile ambacho mdomo haujapata maneno yake. Hadanganyi. Maumivu anayasikia kweli, ila chanzo chake kiko mahali pengine.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni nyumbani mwetu wenyewe. Sikiliza namna tunavyozungumza na watoto mwezi wa saba na wa nane, wakati wa likizo kubwa. Mtoto amemwaga maji: "Ngoja shule ifunguliwe, madamu atakunyoosha." Amepigana na mdogo wake: "Wewe dawa yako ni shule." Amekataa kulala mchana: "Nitamwambia metre wako akuchape." Kwa miezi miwili mzima tunamjulisha mtu ambaye hajamwona bado, na tunamjulisha kama askari. Halafu siku ya kwanza tunamwacha mbele ya mlango wa mtu huyo huyo, tunageuka, na tunashangaa kwa nini analia. Kwa akili yake, mtoto huyo anafikiri sawasawa kabisa. Ameambiwa kwamba mle ndani kuna adhabu, na hakuna aliyemwambia kitu kingine.

Hili halihitaji fedha. Linahitaji tuache. Anayetaka mtoto wake aende shuleni kwa moyo mweupe amwambie vitu vidogo vya kweli: jina la mwalimu, idadi ya watoto watakaokuwa naye, saa ya kutoka, nani atakuja kumchukua. Asimwambie kwamba shule ni tamu kama sukari, maana siku ya pili atagundua kwamba si hivyo, na hatamwamini tena.

Sasa niende kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni deni la shule.

Katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, na watoto wengi sana ambao walikuwa wanakaa nyumbani waliingia darasani. Hilo ni jambo kubwa, hata kama madarasa yalijaa hadi mwalimu hana pa kuweka mguu. Lakini shule ya watoto wadogo, ile tunayoiita gardiene, haimo katika masomo hayo ya bure. Shule za watu binafsi nazo hazimo. Na hata katika shule za serikali, wazazi wanajua kwamba mchango haukosi kupata jina jipya: leo ni wa karatasi, kesho ni wa mlinzi, keshokutwa ni wa kitu ambacho hakuna anayekieleza vizuri. Kwa hiyo deni lipo. Baba ni dereva wa toleka, mama anauza chikwange au mihogo sokoni, mwezi huu mambo hayakuwa mazuri. Hiyo ndiyo hali ya maelfu ya nyumba katika mji huu, na haina aibu yoyote.

Aibu iko katika namna deni hilo linavyodaiwa. Mtu anaingia darasani na orodha. Anasoma majina kwa sauti. Waliotajwa wasimame. Waliosimama watoke. Mtoto wa miaka sita anachukua begi lake mbele ya wenzake arobaini, sitini, mia moja, anatembea hadi mlangoni, anarudi nyumbani peke yake saa tatu asubuhi, akipita barabara ambayo mama yake anamkataza kuipita peke yake. Amefanya kosa gani? Hajui. Yeye hajui minervali ni nini. Hajawahi kushika noti ya faranga elfu ishirini. Anachojua ni kwamba jina lake, likisomwa kwa sauti, ni hatari. Na wiki inayofuata, deni likiwa limelipwa au halijalipwa, tumbo linaanza.

Nimewasikia wasimamizi wa shule wakijitetea kwamba bila hivyo wazazi hawalipi. Naelewa shida yao. Shule binafsi ina walimu wa kulipa, na kuna wazazi wanaonunua simu mpya huku wakidaiwa miezi mitatu. Lakini deni ni la watu wazima wawili, mwenye shule na mzazi, na wote wawili wana simu. Mwenye shule ana namba ya mzazi kwenye fomu ya kujiandikisha. Ampigie. Amwite ofisini. Ampe barua iliyofungwa. Wakubaliane kulipa kidogo kidogo, na ikishindikana kabisa, amwambie mzazi amtoe mtoto, na mzazi ndiye amweleze mtoto nyumbani kwa maneno yake. Njia hizo zipo na kuna shule hapa mjini zinazozitumia. Kumtumia mtoto wa miaka sita kama barua ya madai ni kumwumiza kwa fedha ambazo si zake. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayohusu ulinzi wa mtoto, haikuandikwa kwa ajili ya watoto wa barabarani na wale waliotekwa na makundi ya silaha peke yao. Inamhusu pia yule aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Kuna jambo lingine ambalo halitajwi katika mkutano wowote wa wazazi, labda kwa sababu ya haya. Ni choo.

Nenda katika shule yoyote ya zamani ya mji huu, uombe kuonyeshwa choo cha wanafunzi. Mara nyingi utakuta shimo lenye giza, mlango umeng'oka au hauna kitasa, sakafu imelowa, na nje kuna foleni ya wakubwa wa mwaka wa tano na wa sita wanaosukumana. Sasa jiweke katika mwili wa mtoto ambaye miguu yake haijafikia upana wa shimo hilo. Anaogopa kutumbukia, na hofu hiyo si ujinga. Anaogopa mlango utafunguliwa. Anaogopa wakubwa watamcheka. Kwa hiyo anajizuia. Hanywi maji asubuhi ili asipate haja. Anakaa darasani ameminya magoti, hasikii mwalimu anasema nini, na siku moja anashindwa. Akijikojolea mara moja tu mbele ya wenzake, atakuwa na jina la utani hadi mwaka wa sita.

Mwulize mtoto wako usiku wa leo, kwa upole, kama anakwenda chooni akiwa shuleni. Wengi watakuambia hapana. Wazazi wanaohangaika kujua kwa nini mtoto anakataa shule huuliza kuhusu mwalimu, kuhusu wenzake, kuhusu masomo, na hawafiki kamwe kwenye swali hilo. Na hili nalo si la kungoja wafadhili. Mlango wa mbao na kitasa, fundi wa hapa hapa Makiso au Kabondo anatengeneza. Kamati ya wazazi inaweza kutenga shimo moja kwa ajili ya wadogo peke yao, lenye tundu dogo na mahali pa kushikilia mkono. Mwalimu wa mwaka wa kwanza anaweza kuwapeleka wote pamoja kabla ya mapumziko ya wakubwa. Ni nusu saa ya kazi ya akili.

Kuomba kwenda chooni kunanileta kwenye lugha, maana kwanza lazima mtoto aombe, na aombe kwa Kifaransa.

Kisangani ni mji wa lugha mbili kubwa. Kiswahili kilifika hapa na misafara kutoka pwani ya Zanzibar, zamani za Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa eneo la Stanley Falls. Lingala lilipanda na mto, likaja na meli na wanajeshi. Leo mtoto wa Mangobo anacheza kwa Lingala, anamsalimia bibi yake kwa Kiswahili, anaimba kanisani kwa zote mbili, na nyumbani labda anasikia pia Kilokele au Kitopoke. Ni mtoto tajiri kwa maneno. Halafu anaingia katika chumba ambamo utajiri wake wote hauna thamani. Anaambiwa asimame, hajui. Wenzake wakisimama naye anasimama. Anaulizwa jina, anajibu kwa Lingala, wanacheka. Katika shule nyingine bado kuna ile desturi mbaya ya kumtoza faini au kumvisha kitu shingoni anayesema lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekuwa mwenye maneno mengi kuliko wote uani anakuwa bubu kuanzia saa moja na nusu hadi saa sita na nusu. Nani asingeogopa kurudi kesho yake?

Sheria haikutaka iwe hivyo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia. Wazazi wenyewe ndio mara nyingi wanaopinga: wanataka kusikia mtoto akitamka "bonjour" wiki ya kwanza ili waone fedha yao haikupotea. Nawaelewa, Kifaransa ndicho kinachofungua ofisi. Lakini mtoto asiyeelewa kinachosemwa hajifunzi Kifaransa, anajifunza kunyamaza. Mwalimu anayemwambia mtoto mgeni "karibu, kaa hapa, usiogope" kwa lugha ya mama yake hapotezi kitu. Kifaransa kitakuja, tena kitakuja haraka zaidi kwa mtoto ambaye tayari anafungua mdomo wake.

Ninajua kuna wasomaji watakaosema: sisi tulipigwa, tulichekwa, tulifukuzwa kwa ajili ya minervali, na tazama, tulisoma. Ni kweli, ninyi mlisoma. Lakini hoja hiyo inasemwa na waliobaki darasani. Waliokimbia katika mwaka wa pili, wale waliokwenda kuvua samaki au kusukuma mizigo sokoni kwa sababu hawakuweza tena kuvumilia, hawako hapa kuandika maoni yao. Wahesabu wenzako mlioanza nao mwaka wa kwanza, kisha wahesabu waliofika nao diploma.

Hofu nyingine katika mji huu hazitokani na shule, na hapo inabidi kuongea kwa uangalifu. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola umeua watu, nyumba zimechomwa, na familia nyingi zimekimbilia mjini zikitokea Lubunga na vijiji vya upande ule. Katika familia hizo kuna watoto waliokuwa na miaka mitatu au minne wakati ule. Leo wana umri wa kuingia shule. Mtoto aliyeona moto ukila nyumba yao anapokataa kumwacha mama yake asubuhi, haogopi hesabu wala kusoma. Anaogopa kwamba akirudi saa sita na nusu hatamkuta mtu. Kwake yeye jambo hilo limeshawahi kutokea. Kumpiga mtoto huyo ili aende shuleni ni ukatili, hata kama anayempiga hana nia mbaya. Anahitaji kuambiwa kila siku, kwa maneno yale yale, mama atakuwa wapi na atakuja saa ngapi, na anahitaji mama aje kweli saa hiyo. Anahitaji mwalimu ajue alikotoka, ajue kwa siri, bila kumtaja mbele ya wengine kwamba ni wa kabila gani. Na wenzake wa kabila lile lingine, ambao huenda wamekaa naye dawati moja, wanahitaji mwalimu ambaye hatakubali neno hata moja la chuki iliyoletwa kutoka nyumbani.

Wazazi nao wana yao. Vita vya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda vilianza hapa Jumatatu, tarehe 5 Juni 2000, na viliendelea hadi tarehe 10. Aliyekuwa na miaka sita wakati ule amevuka thelathini leo, na huenda ndiye anayempeleka mtoto wake mwaka wa kwanza. Wengi wa kizazi hicho hawakupata mtu wa kuwauliza walisikia nini chini ya kitanda siku zile. Ukiwa mzazi wa namna hiyo, na mikono yako inatetemeka kidogo unapomwacha mtoto getini, jua kwamba anaisikia mikono hiyo. Heri apelekwe na shangazi au na kaka mkubwa kwa wiki ya kwanza, mpaka wewe pia uzoee.

Kuhusu barabara sitasema mengi, maana kila mtu anaona. Watoto wanne juu ya pikipiki moja, bila kofia, dereva akikwepa mashimo. Mtoto aliyeanguka mara moja ataogopa shule kwa sababu ya njia ya kufika huko. Mkitafuta chanzo, msisahau safari.

Basi asubuhi ile yenyewe mzazi afanye nini? Kwanza, asiondoke kwa kujificha. Hii ni desturi ya wengi: mtoto anaonyeshwa mchoro ukutani, mama anatoroka. Machozi ya siku hiyo yanapungua, lakini kuanzia kesho yake mtoto hatakuachia mkono wako hata nyumbani, kwa sababu amejifunza kwamba ukigeuka, watu wanapotea. Muage mbele ya macho yake. Kuaga kuwe kufupi, kuwe namna moja kila siku, na ukisema "ninakwenda", uende. Mama anayeaga mara tano na kurudi mara tano anamwambia mtoto kwamba hata yeye hana hakika na mahali hapo.

Pili, kukaa nyumbani kusiwe sherehe. Hapa ninatofautiana na wale wanaosema mwache tu hadi atakapotaka mwenyewe. Kila siku anayokosa inafanya siku inayofuata iwe nzito zaidi, na akibaki nyumbani akitazama televisheni na kununuliwa beignet, ameshapata sababu ya kubaki kesho. Kama imelazimika abaki, na abaki kimya, akipumzika kama mgonjwa. Na kama hofu ni kubwa, aende hata kwa saa mbili, akae karibu na mlango, kesho akae saa tatu. Mwalimu mwenye huruma hukubali.

Tatu, jioni usimwulize "leo umelia tena?" Uliza nani amekaa karibu naye, wamecheza mchezo gani, nani alipewa adhabu. Mtoto akisimulia habari za wengine, habari zake mwenyewe hutoka ndani yake bila kuvutwa. Watoto wetu wanazungumza vizuri wakati wa kuchambua sombe au wa kuota moto kuliko wanapokalishwa kitini na kuulizwa maswali kama mbele ya hakimu.

Na kama wiki nne, tano zimepita, halali vizuri, ameanza tena kukojoa kitandani, hali chakula, anashtuka kwa kila kelele, basi ni wakati wa kutafuta msaada zaidi ya nyumba. Wengi wetu hukimbilia chumba cha maombi, na wapo wachungaji wanaosikiliza watoto vizuri. Lakini jihadhari sana na yeyote atakayekuambia kwamba mtoto ana pepo au ni mchawi. Mtoto akishapewa jina hilo, shule itakuwa tatizo dogo kabisa kati ya matatizo yake.

Msaada mwingine tunao karibu kuliko tunavyofikiri. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu, na baada ya mageuzi ya 1971 mji wetu ulikuwa makao ya masomo hayo kwa nchi nzima. Kila mwaka wanafunzi wake wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Kwa nini wasipelekwe, wawili wawili, katika madarasa ya mwaka wa kwanza kwa mwezi wa Septemba na Oktoba, hasa shule za Lubunga na zile zinazopokea watoto wa waliokimbia? Mwalimu mwenye watoto mia moja hawezi kuinama kwa mmoja anayelia. Mwanafunzi wa saikolojia anaweza. Wakuu wa elimu wa jimbo na wa chuo wanaweza kukubaliana hilo kwa barua moja.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakurugenzi wa shule, za serikali, za makanisa na za watu binafsi. Msingoje Jumatatu. Ijumaa inayotangulia, fungueni geti kwa saa mbili kwa ajili ya watoto wa mwaka wa kwanza na wa gardiene peke yao, bila wakubwa, bila hotuba, bila kamera. Madamu awe pale, amsalimie kila mtoto kwa jina lake, kwa Lingala au kwa Kiswahili. Mtoto aone dawati atakalokalia. Aonyeshwe bomba la maji na choo, aingie akijaribu huku mama akiwa nje ya mlango. Aone geti ambalo mtu wake atasimama saa sita na nusu. Mzazi mwenye deni la mwaka jana azungumze na mkurugenzi siku hiyo, ndani ya ofisi, mlango ukiwa umefungwa, na mtoto akiwa uwanjani anacheza.